Pigmenti ya Unga Kwenye Kope: Uzoefu Wangu wa Kupata Rangi Laini Isiyojikusanya Mkunjoni

Ninayoizungumzia hapa ni pigmenti ya unga ya rangi ya shaba, ile inayokaa huru kwenye kichupa badala ya kushindiliwa kwenye kibati kama aishedo (rangi za kope) za paleti. Nimeipaka siku za kazi na siku za sherehe, juu ya praima za kila namna (praima ni msingi unaopakwa kabla ya rangi), kwa kidole, kwa sponji na kwa brashi. Naipenda kuliko paleti yoyote niliyo nayo. Rangi yake imekolea, inameta bila kuonekana kama plastiki, na kichupa kimoja kidogo kinachukua muda mrefu sana kuisha. Malalamiko makubwa ambayo watu huwa nayo juu ya bidhaa za aina hii ni kwamba baada ya saa chache rangi hujikusanya kwenye mkunjo wa kope na kuacha mistari. Kwangu mimi tatizo hilo limekwisha, na halikumalizwa na kitu chochote kilichomo ndani ya kichupa. Lilimalizwa na kilicho chini ya unga: nimepaka nini kwanza, kiasi gani, na nimekiacha kikauke vipi.

Aishedo iliyoshindiliwa huja na vishikizo vyake. Kwa kawaida ni silikoni kidogo kama dimethikoni, pamoja na stearati ya magnesi au ya zinki, na hivyo ndivyo vinavyoufanya unga ukae kwenye kibati na kuganda kwenye ngozi. Pigmenti ya unga huwa navyo kidogo sana, au haina kabisa. Lebo ya kichupa changu ni fupi: mika (madini yanayometa), dioksidi ya titani, oksidi za chuma, basi. Rangi ni kali kwa sababu haikupunguzwa kwa vijazio, na kwa sababu hiyohiyo ukiipaka kwenye kope kavu nusu yake inakuangukia mashavuni. Lazima iwe na kitu cha kunata chini yake, na mistari huanzia kwenye kitu hicho.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko sehemu yoyote ya mwili, haifiki hata milimita 1, na haitulii. Mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika, yaani kama mara 9,000 katika saa 10. Kila unapopepesa, ngozi inakunjika palepale, kama bawaba ya mlango. Chochote kilicho laini na kizito juu yake, iwe konsila (krimu ya kuficha weusi na madoa), krimu ya macho au praima iliyorundikwa, husukumwa kidogokidogo kuelekea mkunjoni na kubaki huko, na unga uliokuwa umeshikwa nacho unafuata. Mafuta ya ngozi yenyewe huongeza utelezi kadiri saa zinavyopita. Unga peke yake haujikunji. Kinachojikunja ni kile kilichoubeba. Ukishalielewa hilo, utaacha kuhangaika kutafuta kichupa kingine cha pigmenti na utaanza kuangalia unachopaka kabla yake.

Kwa hiyo mimi huanza na kope tupu. Krimu ya macho naipaka usiku. Asubuhi naiweka chini ya jicho tu, mbali na kope za juu. Kabla ya praima napitisha pamba yenye losheni nyepesi isiyo na mafuta, kisha nakausha kwa karatasi laini. Hatua hii inachukua sekunde chache na watu wengi wanairuka, lakini kwa mwenye kope za mafuta ndiyo inayoamua kama rangi itafika jioni.

Sasa praima. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na tofauti kati ya aina moja na nyingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya pigmenti za bei ya chini na za bei ya juu.

Aina ninayoitetea ni ile inayokauka. Ndani yake mna kimiminika kinachoruka hewani, mara nyingi isododekani au saiklopentasiloksani, na kikisharuka kinaacha utando mwembamba unaonyumbulika pamoja na ngozi. Urban Decay Primer Potion ni mfano unaojulikana sana wa praima za kope, na zipo nyingine nyingi za kundi hilo. Kiasi ninachotumia ni kidogo kuliko kinavyoshawishi kile kibrashi cha ndani ya chupa: nukta moja ndogo inatosha kope zote mbili. Naigonga kwa ncha ya kidole cha pete kuanzia kwenye ukingo wa kope ya juu hadi juu kidogo ya mkunjo, mpaka isionekane tena. Ukiweza kuiona, imezidi.

Halafu nasubiri. Kama nusu dakika hivi, macho yakitazama chini. Kisha nafanya jambo ambalo limenisaidia kuliko ushauri mwingine wowote: napepesa macho mara kadhaa kwa makusudi, natazama juu, natazama chini, naiacha praima ijikunje kama inataka kujikunja. Kama kuna mstari, utajitokeza wakati huo, kabla unga haujaingia. Naupitishia kidole kikavu, naulainisha, na ziada inaondoka na kidole. Kilichobaki ni kiasi ambacho ngozi inaweza kukibeba bila kukisukuma. Hapo ndipo pigmenti inaingia, wakati praima inanata kidogo kwenye kidole lakini haiachi unyevu. Ikiwa bado mbichi, unga utaloa na kuganda mabakamabaka. Ikiwa imekauka kabisa, hautashika.

Aina ya pili ni gundi ya pambo la kumeta, ile inayobaki ikinata saa zote. Kwa chembe kubwa za kumeta haina mshindani, kwa kuwa chembe nzito hazishikiki na kitu chepesi. Kwa unga laini kama huu wangu, ikipakwa kope nzima, inabaki kuwa laini mno na mwishowe inasogea. Naitumia katikati ya kope tu, sehemu iliyo juu ya mboni, mbali na mkunjo. Kundi la tatu ni krimu za rangi zinazoganda, kama MAC Paint Pot. Hizi nazipenda kwa sherehe. Unachagua krimu yenye rangi inayokaribiana na unga, hivyo hata unga ukipungua saa za mwisho, chini yake kuna rangi na siyo ngozi tupu. Sharti ni lilelile, tabaka liwe jembamba.

Konsila siishauri. Najua wengi wanaipaka kope nzima ili kufuta weusi na kupata uso mweupe wa kuanzia kazi, na kwa picha ya dakika kumi inapendeza. Lakini konsila nyingi zimetengenezwa zibaki na ulaini ili zisikauke chini ya jicho, na ulaini huo ndio hasa usioutaka kwenye kope zinazokunjika. Ikibidi, chukua mabaki yaliyo kwenye kidole baada ya kupaka chini ya jicho, yagonge kwenye kope, kisha yafunge kwa poda nyepesi sana. Kumbuka tu kwamba ukishaweka poda, unga wa kumeta hautakuwa na cha kushika, na itabidi uupake ukiwa umeloweshwa.

Tuje kwenye kupaka kwenyewe. Neno moja: bonyeza. Usifagie.

Hili lina sababu yake, si mtindo tu. Chembe za mika ni vipande bapa, kama vigae vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyovikwa oksidi inayorudisha mwanga. Vikilala chali kwenye ngozi, mwanga unarudi upande mmoja na unaona uso laini wenye mng'ao mmoja. Ukifagia kwa brashi, vinasimama ovyo, kimoja huku kingine kule, na mng'ao unavunjika ukawa vumbi linalometameta na kuonyesha kila kinyweleo. Juu ya hayo, kufagia kunaikokota praima uliyotumia muda kuisawazisha. Nachota unga kidogo kwenye kifuniko, nautawanya kwa kugusa mara mbili tatu, nagonga brashi bapa ya nyuzi za sintetiki ili ziada ianguke, kisha naibonyeza kope kuanzia katikati, naelekea pembe ya nje, halafu ya ndani. Nabonyeza, nainua, nabonyeza pembeni yake. Tabaka la kwanza litaonekana pungufu. Liache hivyo. Tabaka la pili jembamba juu ya la kwanza hutoa rangi iliyojaa, na hukaa kuliko tabaka moja nene.

Kidole kinafanya kazi nzuri pia, pengine bora kuliko brashi kwa siku za kawaida, kwa sababu joto lake linasaidia praima kushikana na unga. Tatizo lake ni ukingo: hakifiki kwenye mstari wa kope za chini bila kuchafua. Sponji inabeba rangi nyingi, lakini inataka mkono mwepesi.

Mkunjoni kwenyewe siipeleki pigmenti. Naishusha mpaka milimita chache chini yake, halafu nachukua aishedo ya kawaida isiyong'aa, ya rangi ya kahawia inayoendana, na kuizungusha juu ya mkunjo kwa brashi ya kuchanganyia mpaka zikutane. Unga wa matte uliokauka vizuri hauonyeshi mstari hata ukikunjika, wakati unga wa kumeta unaonyesha kila kitu. Kwa macho yaliyofunikwa na ngozi ya juu, ambapo kope hugusana na ngozi iliyo juu yake siku nzima, mpangilio huu ni wa lazima, na tena ukimaliza tazama chini kwa dakika nzima kabla ya kufungua macho kikamilifu, la sivyo rangi itapiga muhuri juu ya mkunjo.

Kupaka unga ukiwa umeloweshwa ni hatua nyingine, na matokeo yake ni ya kuvutia sana. Unga unageuka kuwa kama bati lililoyeyushwa, kwa kuwa kimiminika kikikauka vipande vya mika hulala bapa vyenyewe. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sprei ya uso yenye maji na gliserini: unanyunyizia brashi iliyokwisha kuchota unga, mara moja tu, kisha unabonyeza. Gliserini ikizidi inavuta unyevu na rangi inakawia kukauka, kwa hiyo brashi iwe na unyevunyevu tu, isiwe imelowa. Ya pili ni matone ya kuchanganyia yasiyo na maji, na hapa Inglot Duraline imestahili jina lake. Ni chupa ndogo ya mililita 9, na tone moja kwenye kibati kidogo linageuza unga kuwa krimu nyepesi inayokauka na kukaa imara. Kwa matone yoyote ya aina hii kanuni yangu ni unga mwingi, kimiminika kichache: mchanganyiko uwe kama rangi nzito, siyo majimaji. Paka upesi, kope moja kwanza, usubiri ikauke, ndipo uende ya pili. Usirudi juu yake ikiwa imeanza kushika, itachubuka.

Namna ya kujua unga wako unataka kipi: weka chembe kidogo kwenye kisahani na udondoshee maji. Ukinyonya na kulowa, sprei ya maji inafaa. Maji yakikimbia juu yake kwa matone, chembe zake zimefunikwa na silikoni na zinayakataa maji. Tumia matone yasiyo na maji. Wala usinyunyizie ndani ya kichupa. Unga mkavu hauwapi vijidudu nafasi ya kuzaliana, lakini ukiingiza maji umewafungulia mlango, na hiki ni kitu unachokiweka karibu na jicho. Chota nje kila mara.

Kuhusu unga unaodondoka, mimi huyafanya macho kwanza, faundesheni baadaye. Ni rahisi hivyo. Kama uso tayari uko kamili, rundika poda nyeupe isiyo na rangi chini ya jicho kabla ya kuanza, halafu ifagie kwa brashi kubwa laini ukimaliza. Chembe zilizoanguka zitaondoka nayo. Usizifute kwa kidole wala kwa kitambaa chenye maji, zitasambaa na kushika zaidi.

Nimejaribu pia pigmenti za unga zisizometa, na hizo ni habari tofauti. Oksidi za chuma zenyewe ni laini mno na zinapenda kushikana kwa madonge. Zikigusa praima inayonata, pale zilipogusa kwanza panakuwa peusi na hapahamishiki. Kwa hizo praima lazima ikauke kabisa, tena ifunikwe na poda nyepesi, na rangi ipunguzwe kwa kuchanganywa na poda isiyo na rangi kabla haijafika kwenye kope. Kwa kweli kwa rangi zisizometa naona afadhali paleti. Mtengenezaji amekwisha kukufanyia kazi hiyo ya kusawazisha.

Zile zinazobadilika rangi kulingana na mwanga zinastahili kusifiwa. Ni mika iliyovikwa dioksidi ya titani kwa unene uliopimwa, na unene huo ndio unaoamua utaona dhahabu, zambarau, buluu au kijani. Juu ya ngozi yenye weusi au juu ya krimu nyeusi zinawaka ajabu. Juu ya msingi mweupe zinafifia mpaka unajiuliza kama umepaka kitu. Wenye ngozi nyeusi tumebarikiwa hapa, hatuhitaji msingi wowote wa ziada wa rangi.

Kabla ya kununua, geuza kichupa usome. Namba za CI, yaani namba za kuitambulisha kila rangi, zinasema mengi kuliko jina la rangi. CI 77019 ni mika, 77891 ni dioksidi ya titani, 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Shaba yangu ni mika na 77491 kwa sehemu kubwa, ndiyo maana nimeitabiri tabia yake. Ukiona 75470, hiyo ni kamini, rangi nyekundu itokayo kwa wadudu, na wapo wanaodhurika nayo au wasiopenda kuitumia. Angalia pia kama imeandikwa kwamba haifai kuzunguka macho. Marekani, kwa mfano, FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ina orodha ya rangi zinazoruhusiwa kwa eneo la macho, na rangi inayokubalika kwa midomo si lazima ikubalike hapo. Kadhalika ultramarini, CI 77007, inaruhusiwa machoni huko lakini hairuhusiwi midomoni. Pambo la kumeta la ufundi wa karatasi lisikaribie jicho hata kidogo, chembe zake zina kingo na zinaweza kuikwaruza konea, yaani utando wa mbele wa jicho. Wavaao lenzi wazivae kabla ya kugusa unga, mikono ikiwa safi.

Nina kipimo changu cha kufaulu: jioni, kwenye mwanga mkali, nafumba jicho moja na kulitazama kwa kioo cha mkononi huku kope zikiwa zimelegea. Kwa praima inayokauka, tabaka mbili za unga uliobonyezwa, na rangi isiyong'aa mkunjoni, naona mng'ao mmoja kutoka pembe hadi pembe. Kwa gundi ya pambo kope nzima naona uzi mwembamba. Kwa konsila naona mtaro. Joto na jasho hupunguza rangi kidogo kwenye pembe ya ndani, na hapo nagonga unga kidogo kwa kidole, bila kuongeza praima, kwa sababu praima mpya juu ya rangi ya zamani ndiyo njia ya haraka ya kupata madonge.

Kitu kimoja bado sikipendi, nacho ni vichupa visivyo na kichujio chenye matundu. Ukifungua kwa pupa, unga unaruka. Wanaotengeneza wangefikiria kuweka kichujio kinachofungika, ningelipa zaidi kwa furaha. Hadi wakati huo, mimi huhamishia unga kidogo kwenye kikopo kingine chenye mdomo mdogo na kuacha kichupa kikubwa kabatini.

Kuondoa kunataka upole uleule wa kupaka. Kiondoa vipodozi cha sehemu mbili, kile ambacho mafuta yanaelea juu ya maji mpaka ukitikise, ndicho kinachofanya kazi, kwa kuwa utando wa silikoni haukubali maji matupu. Loweka pamba, iweke juu ya kope zilizofumbwa, hesabu polepole mpaka kumi na tano, kisha ivute chini mara moja. Rudia kwa pamba safi. Ukisugua, chembe za mika zinaingia kwenye mizizi ya kope na utaziona zikimeta kesho yake. Brashi nayo ioshe kwa sabuni laini siku hiyohiyo, hasa kama ulitumia matone, maana yakikaukia kwenye nyuzi yanazigandisha na brashi haitabonyeza tena sawasawa.